Bado Halijakauka

Bi Povu alitoka kwenda kununua buluu jua likiwa limekaa juu ya mapaa, na alitoka amekasirika. Hilo si habari. Wageni wa mtaa hudhani jina lake limetokana na sabuni, maana ni dobi, na udobi ameufanya tangu meno yote kinywani yalipokuwa yake. Wenyeji wanajua limetokana na mdomo.

Jioni ile hasira ilikuwa na sababu. Mteja mmoja alirudisha mashuka akidai yamebaki na unjano, kana kwamba ni Bi Povu aliyelala ndani yake wiki mbili bila kuoga. Shuka jeupe bila buluu haling'ai, na kikopo cha buluu kilikuwa kitupu. Akavaa ndara, akavuka barabara.

"Buluu imeisha, Bi Povu," mwenye duka alisema kabla hata ya salamu.

"Iko nyuma ya viberiti. Angalia."

Mwenye duka akaangalia. Ilikuwepo.

"Bibi wewe ni mchawi."

"Ningekuwa mchawi ungekuwa mbuzi, na leo tungekuwa tunachuna ngozi. Nipe na vibanio kumi, visiwe vile vya kuvunjika ukivitazama."

Akarudi kwake akisonya njia nzima. Taa za nyumba zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja. Kwenye benchi la wateja, nje ya chumba chake cha mbele, alikuwa ameketi mwanamume.

Alivaa fulana ya ndani na suruali yenye mstari wa pasi ulionyooka kama kisu. Viatu hana. Miguu yake ilikuwa imelowa hadi vifundoni, na mvua haijanyesha mwezi mzima.

"Nimefuata shati langu," alisema bila kuinua kichwa.

"Na mimi nimefuata raha duniani, sijaipata bado. Alama yako ipi?"

Bi Povu haulizi majina. Shule aliihudhuria hadi siku mwalimu alipomchapa kwa kosa la mwenzake, naye akaikamata ile fimbo akaivunjia gotini, na huo ukawa mwisho wa masomo. Jina lake mwenyewe huliandika polepole kama mtu anayevuka matope. Kwa hiyo kila mteja ana alama, inashonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola au kwenye pindo. Huyu samaki, yule kijiko, yule jicho, yule nyumba isiyo na mlango. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake.

"Ngazi," mwanamume alisema. "Ngazi ya miguu mitatu. Kwenye..." akameza mate, "...kola."

Bi Povu akaingia ndani, akaanza kugeuza kola za mashati yaliyopigwa pasi. Samaki. Kijiko. Samaki tena. Jicho...

Mkono ukasimama.

Ngazi ya miguu mitatu ilikuwa alama ya Karani. Mzee wa ofisini, mpenda kola ngumu, aliyekuwa na tabia ya kumeza mate kabla ya neno la mwisho.

Karani alikufa miaka kumi na moja iliyopita.

Na alama yake aliifumua yeye mwenyewe, kwa wembe, siku ya mazishi.

Akatoka nje haraka. Benchi lilikuwa tupu. Juu ya mbao palikuwa na maji, yamekaa kwa umbo la mapaja mawili. Na harufu... harufu ya sabuni ya mche ile ya zamani, ya kijani, ambayo kiwanda chake kilifungwa watu wakiwa bado wanavaa suruali za miguu mipana. Chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, kama kitambaa kilichoanza kuungua chini ya pasi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Bi Povu alizidi kukasirika.

"Nani anachezea kazi yangu?" aliuliza barabara. Barabara ikanyamaza.

Alijua sheria. Mkongwe aliyemfundisha kufua alimpa sheria hiyo kabla hata hajamwonyesha namna ya kukamua. Mteja akifa, fumua alama yake siku hiyohiyo, uzi uuchome kwenye mkaa wa pasi, nguo uzirudishe kwa watu wake. Marehemu husahau jina lake. Husahau na sura yake. Ila nguo iliyotiwa alama haimsahau, na alama ikimwita, ataifuata.

"Na akija?" Bi Povu aliuliza siku hiyo, msichana mwenye kiherehere.

"Mjibu kama unavyomjibu mteja yeyote uliyemchelewesha. Mwambie bado haijakauka. Wafu humwamini dobi, kwa kuwa walimwamini walipokuwa hai, wapumbavu wale. Lakini akisema hodi, usimwambie karibu. Ukisema karibu, anaingia, na akiingia haondoki mikono mitupu."

Walicheka siku ile. Mkongwe naye alicheka, lakini kwa mdomo tu.

Bi Povu alikuwa bado amesimama mlangoni aliposikia sauti kutoka chumba cha nyuma. Sauti laini ya kike, isiyo ya mtu wa nyumba ile.

"Mkunga," sauti ilisema. Kisha ikafuata kengele ndogo ya furaha, kama kijiko kugonga glasi.

Chumba cha nyuma ni cha mjukuu wake wa kike. Mtaani anaitwa Vidole, kwa sababu tangu utotoni hakuna kitu alichokiona asikiguse, akikigusa akakifungua, akikifungua kikabaki vipande. Sasa ana miaka ishirini na miwili na hivyo vidole vimempa kazi. Anachora picha za michezo ya kompyuta kwa watu walio mbali ambao Bi Povu hajawahi kuwaona na hana hamu. Mama yake alikufa Vidole akiwa na miaka minne. Bi Povu ndiye aliyemlea, kwa maji, sabuni na matusi.

Akasukuma mlango. Chumba kilikuwa na giza, isipokuwa kioo cha kompyuta, na mwanga wake ulikuwa wa buluu kama maji ya suuzo la mwisho. Vidole alikaa mbele yake, amejifunika shuka mabegani.

Kwenye kioo kulikuwa na mji uliokufa. Kuta ndefu, mchanga, na angani miezi mitatu. Mwanamke mdogo aliyevaa vazi la anga, kichwani kibuyu cha kioo, alikuwa akipangusa ukuta kwa brashi. Karibu na bega lake ilielea taa.

Na kwenye ukuta, nyekundu, kubwa kama mlango wa ghala...

Ngazi ya miguu mitatu.

"Wewe!" Bi Povu alisema. "Wewe mtoto, hiyo umeitoa wapi?"

Vidole aligeuka, uso umejaa furaha ya kijinga ya mtu aliyegundua kitu. "Bibi! Nilikuwa nataka kukuonyesha. Ndio mchezo wenyewe huu. Watu wa mji huu walitoweka kabla nyota zetu hazijawaka, hakuna anayejua lugha yao. Mchezaji anachimba magofu, anapata alama, anakisia maana yake. Akipatia, hii Taa inalitamka neno, na mlango unafunguka."

"Nimekuuliza umeitoa wapi, sijakuuliza inafanya nini."

Vidole akashusha macho. Mapajani mwake kulikuwa na ukanda mrefu wa shuka jeupe, upana wa kiganja. Kitambaa cha alama. Daftari la Bi Povu, lenye nakala ya alama ya kila mteja, ambalo hulifungia sandukuni, chini kabisa, chini ya dawa ya nondo.

"Waliniomba nibuni maandishi ya watu wa kale," Vidole alisema. "Nikakaa wiki nzima, kila nikichora linatoka jambo la kipumbavu. Halafu nikakumbuka kitambaa chako. Bibi, ni hazina hii! Umeilaza sandukuni kama soksi mbovu."

"Ngazi haipo kwenye kitambaa. Niliifumua."

"Ulifumua uzi. Mashimo ya sindano yamebaki." Akakiinua kitambaa mbele ya kioo. Mwanga ukapenya, na Bi Povu akaziona: nukta, nukta, nukta. Safu za nukta ndogo zinazong'aa. Ngazi. Mkasi. Mwezi ulioinama. Chungu. Wateja wake wote waliokufa, wamejipanga kwa mwanga kama watu waliofumaniwa uchi. "Unaunganisha nukta tu. Nimezipata ishirini na sita. Ni mashimo tu, Bibi."

"Hata kaburi ni shimo tu! Umewahi kuona mtu mwenye akili analichungulia anachekelea?" Sauti yake iligonga bati. "Nimekaa miaka nafumua, nachoma, nafunga midomo ya watu kwa wembe, wewe unakuja kuwafungua kwa... kwa taa ya mchezo! Leo umekisia ngapi?"

"Mbili. Na kuna kitu cha ajabu." Vidole alikuwa bado hajaelewa, maskini, alikuwa bado anatabasamu nusu. "Ngazi mimi niliipa maana ya 'mlango'. Nikaandika 'mlango', Taa ikakataa. Ikasema 'Karani'. Na chungu niliipa 'maji'. Ikasema 'Mkunga'. Nadhani wenzangu wameibadilisha huko huko bila kuniambia. Karani ni nani?"

Bi Povu alimpokonya kitambaa.

Nje ya chumba cha mbele, mbao ya benchi ililia. Mtu alikuwa ameketi.

Kisha mwingine akaketi.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, nzito, ya mtu aliyezoea kuamka usiku kwenda kwa watu. Ilipita chini ya mlango pamoja na harufu ya sabuni ya kijani.

"Nani huyo?" Vidole akauliza, na mdomo ukaanza kujifungua wenyewe kwa adabu aliyofundishwa. "Kar—"

Kiganja cha Bi Povu kikamziba. Kiganja cha dobi si kidogo.

"Bado hazijakauka!" akapaza sauti.

Matone yakaanguka nje. Tap... tap...

"Nimefuata shuka langu," sauti ilisema. "Jeupe. Lenye chungu."

"Nimesema bado. Mvua."

"Na shati langu," sauti ya mwanamume ikasema, na ikameza mate, "...je?"

"Nalo pia. Mnafuatana kama inzi! Hamkuwa na subira mkiwa hai, mkifa ndiyo kabisa. Kesho!"

Benchi likalia tena, kwa wepesi wa mtu anayeinuka. Mara mbili. Nyayo zilizolowa zikaondoka, chap, chap, kwenye sakafu isiyo na maji.

Bi Povu akaondoa kiganja. Vidole alikuwa ametoa macho kama samaki wa barafu.

"Bibi... wale..."

"Wale ndio lugha yako ya watu wa kale. Futa. Futa yote, sasa hivi, kabla sijaitia hiyo kompyuta kwenye pipa la magadi."

Vidole akafuta. Ngazi ikatoweka ukutani, chungu kikatoweka, na nyingine zote ambazo hazikuwa zimekisiwa. Mwanamke wa vazi la anga alisimama mbele ya ukuta mtupu na brashi yake, hana la kupangusa.

"Imebaki moja," Vidole alisema kwa sauti ndogo.

"Nayo futa."

"Hii haikuwa mashimo, Bibi. Hii ilikuwa na uzi."

Akabonyeza. Ukuta wa mwisho ukaja mbele. Ndege. Ndege wa bawa moja, mwekundu, amepinda shingo kama anayesikiliza.

Bi Povu alinyoosha mkono, akamfunika ndege yule kwenye kioo kwa kiganja.

"Huyu hukumfumua," Vidole alisema. "Walio hai wote nazijua alama zao, huyu simjui. Nimekisia tangu asubuhi. Nimeandika ndege, upepo, safari. Taa inasema hapana, hapana. Huyu ni nani?"

"Hakuhusu. Futa."

"Nyumba hii kila kitu hakinihusu!" Vidole akasimama, na sasa na yeye alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa ya kuazima. Ni ya ukoo. "Picha hakuna. Kaburi sijapelekwa. Nikiuliza mama alikuwaje unaniambia kaanue nguo. Miaka kumi na minane naanua nguo! Ndiyo maana nachimba, Bibi. Wewe hunipi hata jiwe!"

Shuka likamteleza mabegani.

Chini yake alikuwa amevaa gauni la kijani lenye maua ya njano.

Bi Povu aliliangalia. Lilikuwa sandukuni, limefungwa kwenye karatasi, chini ya kitambaa cha alama. Lilimkaa Vidole mabegani kama lilivyomkaa mwenyewe wa zamani. Na kwenye pindo la chini, pale taa ya kioo ilipofika, palikuwa na uzi mwekundu.

"Livue," alisema.

"Nimelikuta humo humo, si la mtu yeyote—"

"Ni la mama yako, mpumbavu wewe! Ndege ni mama yako! Livue!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Maneno ya Bi Povu hayajawahi kuzoleka, na siku hiyo yalikuwa yameshamwagika chumbani, mbele ya msichana ambaye vidole vyake havijawahi kuona kitu visikiguse. Vidole alimtazama bibi yake. Akatazama kioo. Kabla kile kiganja kikubwa hakijamfikia, aliinama, akaandika herufi nne.

Kengele ndogo ikalia.

"Mama," Taa ilisema.

Mwanga wa kioo ukafifia, ukarudi.

Nje, benchi halikulia. Huyu hakuketi. Zilisikika nyayo nyepesi, zikavuka chumba cha mbele bila kusimama, kwa sababu huyu alikuwa wa nyumba, na wa nyumba hapigi hodi mlango wa nje, zikaja moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha nyuma. Harufu haikuwa ya sabuni. Ilikuwa ya homa, ile harufu ya kitanda cha mgonjwa, tamu na chachu.

"Hodi," sauti ikasema. Sauti ya msichana. Haikuwa imezidi sauti ya Vidole kwa siku hata moja. "Mama... gauni langu limekauka?"

Sasa ni lazima lisemwe, ingawa Bi Povu mwenyewe hajalisema kwa mtu.

Miaka kumi na minane nyuma, binti yake aliamka na homa ya siku ya pili. Alitaka kwenda hospitali, na hakutaka kwenda na nguo ya kulalia mbele za watu. Aliuliza kutoka kitandani: Mama, gauni langu limekauka? Na Bi Povu alikuwa na nguo za arusi za watu juu ya meza, pasi imeshika moto, na alijua kwamba akisema ndiyo itabidi aache kazi amsindikize. Akajibu bila kugeuka, kama alivyowajibu wateja elfu. Bado halijakauka. Tulia. Kesho.

Gauni lilikuwa limekauka tangu saa sita mchana.

Kesho yake hakukuwa na wa kulivaa.

"Mama?" sauti ikaita mlangoni, polepole. "Ninasikia baridi. Nataka kwenda."

Vidole alikuwa anakwenda mlangoni. Hakuwa anatembea kama mtu anayetaka, wala kama asiyetaka. Pindo la gauni lilitangulia. Lilikuwa limevutika mbele, limekazika, kama nguo kwenye kamba wakati wa upepo, na ndani ya chumba kile upepo haukuwepo.

"Bibi," alinong'ona, machozi yakimshuka, "ni sauti yangu. Ana sauti yangu."

"Amefuata gauni. Hajui wewe ni nani. Atachukua lililo lake na kilicho ndani yake."

"Nataka kumwona tu. Neno moja tu, Bibi. Nimwambie kar—"

Bi Povu hakumziba mdomo safari hii. Alilikamata gauni shingoni kwa mikono yote miwili, mikono iliyokamua mablanketi ya watu miaka yote hiyo, na akalivuta juu kwa nguvu moja, kama mtu anayechuna sungura. Vifungo viliruka. Vidole akaanguka chini na shumizi. Gauni lilikuwa zito mikononi, na lilikuwa linavuta. Bi Povu akavutana nalo hadi kona ambapo palikuwa na beseni la mashuka ya yule mteja wa unjano, akalizamisha, akalikandamiza kwa magoti.

"Bado halijakauka!" alifoka. Mate yalimruka. Povu, kweli. "Umesikia? Limelowa chapachapa! Sikia maji kama mimi mwongo! Bado!"

Maji kwenye beseni yalitulia, na Bi Povu alihisi gauni likilegea chini ya magoti yake kama mtu aliyekata tamaa.

"Sawa, mama," sauti ikasema. "Nitasubiri."

Ilisema kwa upole. Hilo ndilo lililomuudhi Bi Povu kuliko yote. Ingelikuwa imemtukana angelala usingizi.

Asubuhi Vidole aliketi uani, macho yamevimba, akamtazama bibi yake akinoa wembe kwenye jiwe. Kitambaa cha alama kilikuwa kimetandazwa gotini. Ndege wa bawa moja alikuwa pale, uzi wake umepauka hadi kuwa rangi ya tofali.

"Mfumue, Bibi," Vidole alisema. "Kwenye kitambaa na kwenye gauni. Uchome. Yaishe."

Bi Povu akaweka wembe juu ya uzi. Akakaa hivyo muda mrefu kiasi cha chai kupoa.

"Wembe butu," alisema mwishowe, akakikunja kitambaa.

Wembe haukuwa butu.

Gauni alilibakiza ndani ya beseni, uani. Kila asubuhi alilibadilishia maji. Kila jioni, taa za nyumba zinapoanza kuwaka, hodi ilikuja, na swali lile lile, na Bi Povu alijibu akiwa anamenya kitunguu au anakunja soksi: bado, halijakauka. Sasa haikuwa uongo. Alijiambia kwamba hiyo ndiyo tofauti. Karani na Mkunga hawakurudi. Ila bosi wa Vidole, huko aliko, aliandika barua kwenye kompyuta, na Vidole alimsomea bibi yake mara mbili: Ukuta ule wa kwanza uliotutumia kabla ya kufuta, tumeujaribu ofisini. Sauti ile ya hodi ni nzuri mno, umeirekodi wapi? Mimi niliisikia hadi mlangoni kwangu.

"Nimwambie nini?" Vidole aliuliza.

"Mwambie asiwe na adabu," Bi Povu alisema. "Mwambie asimkaribishe mtu."

Barua ikajibiwa hivyo. Jibu halikurudi.

Ilipita wiki ya tatu. Bi Povu alishinda chumba cha mbele akipiga pasi, jioni akavuka barabara kufuata mkaa, akagombana na mwenye duka juu ya gunia lililojaa vumbi, akarudi akisonya. Jua lilikuwa limekaa juu ya mapaa. Alipitia mlango wa uani.

Beseni lilikuwa limefunikwa kifudifudi.

Kwenye kamba lilikuwepo gauni la kijani lenye maua ya njano, peke yake, limebanwa kwa vibanio viwili vipya. Lilipepea. Lilikuwa jepesi. Bi Povu alilishika pindo, na hakuhitaji kulishika mara mbili. Dobi anajua.

"Lilikuwa linaoza, Bibi," Vidole alisema kutoka chumba cha nyuma. Hakutoka. Hakukuwa na mwanga wa kompyuta mlangoni kwake. "Nimelianika asubuhi, ulipomaliza kulibadilishia maji. Siwezi kumsikia anaambiwa bado kila siku. Wewe unaweza?"

"Mke mwenzangu," Bi Povu alisema, na lilikuwa jina la utani alilomwita akiwa mdogo, na midomo ilikuwa mikavu, "lete maji. Lete ndoo. Haraka, wewe mtoto..."

Nyayo nyepesi zilikuwa zimeshavuka chumba cha mbele.

"Hodi."

Bi Povu alifungua mdomo. Mdomo ule uliowahi kumkimbiza mgambo na rungu lake.

"Bado," alisema. "Bado hali..."

Upepo ukalipeperusha gauni. Likatoa ule mlio wa nguo kavu, mwepesi, kama karatasi.

"Mama," sauti ikasema, kwa upole uleule, "mbona leo jua lilikuwa kali?"

Bi Povu akatafuta neno. Akatafuta la kutukana, la kudanganya, lolote. Hakulipata.

Nyuma yake, chumbani, kiti cha Vidole kilikwaruza sakafu, na mtoto akavuta pumzi ya kujibu hodi.